Neno Lililosikika Mara Mbili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwetu mtaa wa Newburg, Louisville, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, iko mezani. Nitafika huko. Kwanza usinune, mwanangu. Nimekiona hicho kitabu ulichokifunika kwa Biblia: kijana wa chuo anacheza hoki ya barafuni, binti anampenda kwa siri, na kila ukurasa siri inazidi utamu. Ndiyo, nimekisoma mpaka mwisho. Sikukasirika. Niliogopa, kwa sababu mimi shangazi yako nimewahi kuishi humo ndani.

Nilikuwa na miaka ishirini, nasoma chuo kule Columbus. Babu na bibi yako walibaki Louisville. Danieli alichezea timu ya hoki ya chuo chetu, Mzungu wa mtaa wa Riverside, mjini Buffalo, mpole sana mpaka avae viatu vya barafu. Mwaka mzima tulijificha. Niliogopa kanisa, niliogopa wenzangu wa korali, na zaidi nilimwogopa baba. Akipiga simu nikiwa uwanjani, makelele yamejaa, nasema niko kwenye mashine za kufulia.

"Kila Ijumaa unafua," akaniuliza, "uko na nguo ngapi?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, nami nilikuwa nimebana pumzi mwaka mzima.

Basi timu yetu ikaenda kucheza Buffalo, ikashinda. Jamaa za wachezaji wakashuka mpaka kwenye kioo kinachozunguka barafu kuwapongeza. Mimi nikabaki kiti cha juu kabisa, kofia imenishuka machoni. Mama yake Danieli alinipita na kahawa yake, akanikanyaga, akaniomba radhi, hanijui. Danieli aliona yote. Akaniambia amechoka, Jumamosi inayofuata anakuja kwa baba yangu.

Sasa nisikilize hapa. Tangu nina miaka kumi na mbili nilikuwa mkalimani wa Kiingereza wa nyumba yetu: shuleni, ofisi ya nyumba, na zaidi kwa daktari, maana bibi yako alikuwa mgonjwa wa figo. Baba mwenyewe alitafsiri mahubiri kule tulikotoka, milimani Kivu, Kongo, na alinifundisha sheria moja tu: mkalimani hana maneno yake, ukipunguza moja, umeiba.

Danieli akaja, shati limenyooshwa. Akakaa mbele ya baba, akasema kwa Kiingereza kwamba ananipenda, kwamba amenipenda mwaka mzima, na anaomba ruhusa tusijifiche tena. Baba akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Anasema tunasoma pamoja. Amepita kusalimia."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Bon. Umuambie, mutu anakuya mwenyewe na miguu yake, tunamuheshimu. Aikale, akule na sisi."

Nikawaza: akila, mama ataanza kumhoji, nitaumbuka. Nikamwambia Danieli kwamba baba anashukuru, ila amechoka. Akasimama, uso mwekundu, akatoka. Kwetu mtu akiacha chakula mezani akaondoka, ametukana. Lakini baba hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Ile neno ya mapenzi," akasema taratibu, "niliisikia mara mbili. Hata kule kazini, ku bohari, wanaiimbaka ku redio. Mu Kiswahili yako haikufika hata mara moja." Akasogeza sahani. "Donc, basi, siku daktari alisema mama yako anaendelea muzuri, alisema ivyo kweli?"

Afadhali angenipiga. Daktari alisema hivyo, naapa, lakini kiapo changu kingemsaidia nini?

Nilimpigia Danieli, nikamweleza ukweli. "Nilikukabidhi maneno yangu," akasema, "ukayatupa nikiwa nimekaa hapo hapo." Hakurudi. Nililia miezi, nikapona. Kilichoniuma zaidi ni kliniki: tangu wakati ule baba aliomba mkalimani wa simu. Nikawa nakaa pembeni ya mama, nasikiliza sauti ya mgeni ikimsemea.

Miaka minne nilimwambia baba kila kitu, hata asiyoyauliza, mpaka akachoka kusikia. Halafu siku moja daktari aliingia na karatasi zake, akanyoosha mkono kuchukua simu. Baba akaizuia.

"Hapana. Uyu mutoto wangu atasema."

Nikasema yote. Kwamba figo zimekataa, kwamba dawa zimefika mwisho, kwamba siku za mama ni chache. Sikupunguza neno. Mama akanishika kidole, akasema, "Asante, nimesikia."

Mwanangu, sikukatazi kupenda, na kitabu chako nimekirudisha mahali pake. Ila mficha uchi hazai. Huyo kijana anayekushusha kona ya pili hapa Shively ili nisimwone, nimemwona. Nilipopita karibu na gari lake, nilisikia harufu ile ile ya Danieli, ya jezi mbichi za hoki. Mtaje mezani wewe mwenyewe, leo, kabla hajaja kujitaja ukakosa la kusema. Baba yako ni kaka yangu, namjua: hasira yake huisha chakula kikipakuliwa. Asichoweza ni kukaa na mtoto asiyejulikana lini anasema kweli. Na siku moja wazazi wako watauhitaji huo mdomo wako kwa neno zito kuliko mapenzi.

Mungu akulindie ulimi wako. Anayekupenda aje kwa miguu yake, akute sahani yake mezani, na maneno yake yafike yote. Amina.