Kiti cha Pili cha Fundi Huseni

Fundi Huseni haanzi kazi kabla hajaletewa kiti cha pili. Cha kwanza ni chake. Cha pili ni cha mwenye kompyuta. Ukimwambia una shughuli nyingi, ahamishe tu atakachokiona, atakunja nyaya zake na kukusubiri. Kibanda chake kiko mtaa wa Asiatique, kati ya muuza vitenge na muuza vipuri vya pikipiki, na majirani humwita mtu mgumu. Mimi namwita mtu mwenye msimamo. Katika mji ambapo kila mmoja anataka kujua simu ya mwenzake ina nini, tunahitaji wagumu wengi zaidi.

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu, tunakoshughulikia bima za magari. Kompyuta mpya zilikuwa zimefika, na za zamani zilikwisha kuahidiwa shule moja ya Gasenyi. Huseni alitakiwa kuhamisha kila kitu, kisha kuzifuta za zamani zibaki tupu. Gari la shule lingezichukua jioni.

Alianza na Xavier wa mapokezi.

"Hii tunabeba?"

"Beba."

"Na hii?"

"Hiyo wacha, ni ya mutu alishaacha kazi."

Picha ya ziwa ikarudi kwenye kioo cha kompyuta, herufi zikawekwa kubwa kwa ajili ya macho yake, printa ikaitikia mashine mpya. Xavier akafurahi kama mtu aliyehama nyumba akakuta kitanda kimekwisha kutandikwa.

Nyuma yetu alizunguka mkurugenzi, Méthode, na kikombe cha chai. Méthode ana sheria moja anayoipenda kuliko zote: kompyuta ya ofisi ni ya kazi ya ofisi. Hataki filamu wala nyimbo, na kila mwisho wa mwezi hupita mezani kwetu akifungua mafaili. Ni sheria nzuri na ninaiunga mkono.

Elvire, karani wetu wa madai, alikuwa ameivunja. Elvire huimba katika kwaya ya parokia yake. Mwalimu wao, Birindwa, alitunga wimbo, akauimba peke yake ili Elvire aurekodi kwa simu, na kabla kwaya haijaujua akafariki. Elvire akauhifadhi kwenye kompyuta ya ofisi. Baadaye simu ikaibwa. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa misa ya kumkumbuka Birindwa, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote. Kila siku Elvire alisema atautoa, na kila siku aliahirisha.

Aliuficha wapi? Katika korbeyi, lile pipa la taka lililochorwa pembeni mwa kioo, kwa kuwa Méthode hufungua kila kitu isipokuwa takataka. Kila saa ya mapumziko aliurudisha, akausikiliza, kisha akautupa tena.

Zamu yake ilipofika, Elvire akakaa kwenye kiti cha pili. Madai yote yakahama salama. Mwisho Huseni akasema, "Mama Elvire, korbeyi nayo iko na vitu. Nifute?"

Elvire akamtupia Méthode jicho.

"Fundi, unauliza mutu kama anataka takataka yake?" Méthode akasema. "Futa, twende."

"Chef, hii kiti ni ya nani?"

"Ya Elvire."

"Basi yeye ndiye anasema."

"Hata mahakamani hawaulizi hivi," Xavier akanong'ona.

Neno moja, "futa", lingemwokoa Elvire na aibu, na lingemaliza wimbo. Alitazama mikono yake.

"Apana, usifute. Muko wimbo wa marehemu Birindwa. Ni mi niliuficha, Chef."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na mi napita hapa kila mwezi."

"Chef hafungui korbeyi."

Xavier akakohoa ndani ya mkono wa shati.

"Fungua nisikie," Méthode akasema.

Sauti ya mwanamume, bila ngoma wala kinanda, ikajaza chumba, na nyuma yake jogoo akiwika. Mteja aliyekuwa dirishani akavua kofia. Méthode alisikiliza hadi mwisho, chai ikipoa.

"Hiyo inaenda kwa klé yake, haiingii mu mashine mupya. Na Elvire, Jumatatu utaniletea maelezo kwa maandishi."

"Ndiyo, Chef."

Huseni akauweka wimbo kwenye klé, ile flashi ndogo ya Elvire, akamtaka Elvire ausikilize tena kutoka humo, ndipo akafuta. Méthode alikuwa na haki. Elvire naye alisema kweli mahali ambapo uongo ulikuwa rahisi, ingawa angeisema mapema tungekula kwa wakati.

Kisha Huseni akabeba kiti cha pili hadi chumba cha mkurugenzi.

"Chef, kaa."

Méthode akakitazama kiti, akatutazama sisi tuliojipanga mlangoni.

"Muende mukale," akasema, akafunga mlango.

Tulikula taratibu, tukarudi, mlango bado umefungwa. Huseni alipotoka hatimaye, Xavier alimfuata hadi ngazini.

"Fundi, mu korbeyi ya Chef mulikuwa nini?"

"Kiti ilikuwa ya nani?"

"Ya Chef."

"Basi uliza yeye."

Xavier hajauliza. Jumatatu Elvire alipeleka maelezo yake. Méthode aliyaweka kwenye droo bila kuyasoma, akauliza tu wimbo ulikwendaje.

"Ulienda muzuri, Chef. Ila wanaume walichelewa kuingia."