Zamu Yetu ya Matuta

Harufu ya mchanga mbichi hainipendezi. Wengine wakiisikia hukumbuka mvua na kufurahi. Mimi hukumbuka kisima. Katika mto wetu, chini ya soko la Tawa, maji hayakuonekana kwa macho miezi mingi ya mwaka. Yalijificha chini ya mchanga nasi tukayafuata kwa kuchimba, na kadiri kiangazi kilivyoendelea ndivyo kisima kilivyozidi kwenda chini, mpaka aliyeshuka humo ukimchungulia unaona utosi tu. Kila mtoto wa shule alitakiwa kufika asubuhi na kidebe cha maji, ya kunyunyiza darasani kabla ya kufagia na ya kupikia walimu chai. Ukifika mikono mitupu, unachapwa. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha, na hakuna mzazi aliyeona ajabu.

Mkubwa wa kisima alikuwa Ndunge, msichana wa darasa la saba mwenye mabega mapana kama ya mama mzima. Cheo hicho hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mwembamba, na kwa kuwa kisima kilikuwa chembamba pia, mimi ndiye niliyeshushwa. Nilichota kwa kibuyu nikapitisha juu, videbe vya Ndunge na rafiki zake vikajaa kwanza, na mara nyingi changu kilikuwa bado kitupu kengele ikilia. Kisha mwalimu akanichapa kwa kukosa maji ambayo nimeyachota asubuhi nzima. Viboko nilivizoea. Kilichoniogofya ni kuta za kile kisima. Mchanga haukwambii utaanguka lini. Niliusikia ukichuruzika mgongoni taratibu, nami nimeinama, na kule juu wenzangu wanacheka. Mwaka uliotangulia mvulana wa ng'ambo ya mto alifukiwa kwenye kisima kama hicho akatolewa amekufa, na kila mtu mzima wa kwetu alikuwa amehudhuria mazishi yake.

Siku hizi nasikia wazazi wakilalamika ati watoto hawasemi. Mimi nilisema. Nilimwambia mama jikoni, akichambua maharagwe ya kuchanganya na mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi, na nilimwambia yote, jina la Ndunge, kisima, mchanga mgongoni. Aliniambia nivumilie kidogo, atalisema. Nilimwamini kabisa. Mama yangu hakuwa mwoga; niliwahi kumwona akimfukuza mwenye ng'ombe shambani kwetu kwa mpini wa jembe, mwanamume mwenye ndevu zake, na yule mwanamume akakimbia. Baba alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini, akija Krismasi tu, kwa hiyo kila kitu kwetu kilikuwa mama. Nikangoja aliseme hilo jambo. Kila asubuhi nilishuka kisimani nikijua kuwa ni siku chache tu zimebaki.

Siku moja ukuta ukaanguka. Haukunifukia mwili wote, ulifika kifuani, lakini kibuyu kilivunjika na kidebe cha Ndunge kikamwagika. Walinivuta kwa mikono. Nilipotoka, kabla sijatema mchanga uliojaa mdomoni, Ndunge alinipiga kwa kile kidebe, na ukingo wake ukanichana juu ya jicho la kushoto. Sikwenda shule siku hiyo. Nilirudi nyumbani damu ikiniingia jichoni, na mama aliniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kwa kitambaa alichokipasua kutoka leso yake ya kanisani. Alilia. Ndipo aliponiambia, mikono yake miwili ikinishika kichwa: "Kesho tuko mwethya kwa kina Ndunge. Nitalisema mbele ya wote, Mwende. Mbele ya mama yake na mbele yake mwenyewe."

Mwethya ni kile kikundi cha kina mama cha kulimiana kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kutwa kwa mwingine, wote wakichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu ili mvua isije ikasomba shamba. Matuta hayo mtu mmoja hayawezi. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mkali, na mvua mbili zilizopita zilikuwa zimechukua mahindi pamoja na udongo wake zikatuachia mawe. Aliyepanga zamu alikuwa kiongozi wa kikundi, Mama Ndunge. Zamu yetu ilikuwa imesogezwa na kusogezwa, hadi hatimaye ikawekwa wiki iliyofuata, mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika upande wa Mbooni. Haya yote niliyajua kama mtoto anavyojua mambo ya nyumbani, bila kuyaunganisha.

Kesho yake, Jumamosi, nilimfuata mama nikitembea kifua mbele, kitambaa changu kichwani. Kina mama walichimba wakiimba mpaka jua likawa utosini, kisha wakakaa kula. Ndunge alikuwa akipitisha uji. Alinitazama mara moja akatazama kando, na kwa mara ya kwanza niliona kuwa naye anaweza kuogopa. Raha niliyoipata hapo siwezi kuieleza. Kisha Mama Ndunge akauliza, kwa sauti ya upole tu, huyu mtoto amefanyaje jicho. Mama alikuwa ameshika jembe lake, akikwangua udongo uliokauka kwenye bapa kwa ukucha wa kidole gumba, na aliendelea kukwangua.

"Alianguka," mama alisema. Halafu akanigeukia. "Si ulianguka, Mwende?"

Nikasema nilianguka. Ningesema nini? Mama Ndunge alinikanya niache kukimbia kimbia na chombo mkononi, wenzake wakacheka, na yeye mwenyewe akaniongezea muthokoi. Niliula. Ndunge alirudi na uji, akanijazia kikombe hadi pomoni, akitabasamu. Alikuwa ameshajua kuwa sina mtu. Nilishuka kile kisima mpaka alipomaliza shule, na sikumwambia mama tena kuhusu kisima wala kuhusu kitu kingine chochote. Nilipovunja ungo nilimwendea mke wa mchungaji. Nilipopata mchumba, mama aliambiwa na majirani. Alizoea kusema kuwa mimi ni msiri, tangu utotoni.

Matuta yetu yalichimbwa wiki iliyofuata, na yapo hadi leo, nyasi zimeyashika vizuri. Yalitulisha, yakanisomesha, na hilo silikatai. Mwaka juzi binti yangu Mumbua aliniambia kuwa kuna wasichana shuleni kwao wanaomngoja chooni. Niliomba ruhusa kazini asubuhi ile ile. Sikwenda kugombana na mtu. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu mpaka nikajibiwa, nikarudi tena Jumatatu, na tena, na Mumbua akaniona nimekaa pale. Alikasirika kwamba namwaibisha. Sikujali hata kidogo.

Likizo ile tulikwenda Tawa. Mama sasa amezeeka, anakaa barazani akitazama shamba. Mumbua aliniuliza kovu la juu ya jicho nililipataje, na kabla sijafungua mdomo nyanya yake akamjibu: nilianguka mtoni, nilikuwa mtoto wa haraka haraka. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayesema jambo la kweli, na nikahisi amesahau. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo, kumbe nangoja mtu aliyesahau.

"Sikuanguka," nilimwambia Mumbua, mama akisikia. "Nilipigwa. Na nyanya alijua."

Mama hakunitazama. Aliyatazama matuta kwa muda mrefu, moja baada ya jingine, hadi la chini kabisa karibu na mto.

"Zamu yetu ilikuwa wiki iliyofuata," alisema.