Alama Niliyoifuta kwa Tupa

Hajji alikuwa na tabia ya kukigeuza kitu mara mbili tatu kabla ya kukupa au kukipokea. Ukimpa chenji, anaigeuza. Ukimpa chai, anachungulia chini ya kikombe. Kabla ya kufungua duka lake pale mtaa wa Kambarage alikuwa dalali wa almasi Maganzo kwa miaka mingi, na mwenyewe alituambia kwamba kule unampa mtu jiwe alitazame, anapiga chafya, na unachorudishiwa ni kipande cha chupa. Mimi nilikuwa fundi kijana kwenye gereji alikokuwa analeta gari lake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka mitatu nyuma, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikimwamkia mtu mzima, ile shikamoo yangu nilikuwa naielekeza kwenye tairi.

Hii ilikuwa miaka ya sabini. Gari la Hajji lilikuwa la spoti, viti viwili, paa la turubai, jekundu lililopauka. Alilinunua kwa mhandisi mmoja Mzungu wa mgodi wa almasi aliyekuwa anarudi kwao. Siku za kazi alilitumia kwenda dukani na kwenda Maganzo. Jumamosi mchana alilipeleka kwenye mashindano. Watu wa mgodini walikuwa wanapanga mapipa matupu kwenye uwanja wa vumbi, na kila dereva anapita peke yake kati ya mapipa hayo, anakata kulia, anakata kushoto, mwisho anasimama ndani ya mraba uliochorwa kwa chokaa. Mtu mmoja anashika saa. Yote yanaisha kabla hujamaliza kumenya chungwa. Ukigusa pipa unaongezewa muda, na ukiupita mraba vilevile. Hajji alikuwa anaupita karibu kila wiki na kuzilaumu breki. Safari hii breki zilikuwa zimekwisha kweli. Ukikanyaga unasikia chuma kinasaga chuma.

Alhamisi aliliacha gari, akaweka boksi dogo juu ya meza ya kazi. Lilikuwa limefungwa kwa gundi, kama ndiyo kwanza linatoka kiwandani. Ndani mlikuwa na pedi nne za breki, nyeusi, nzito kuliko nilizozoea.

"Hizi ni za magari ya mashindano makubwa," alisema. "Nimezipata Maganzo. Aliyeniuzia kaniambia zinapenda moto. Zikishapata moto, zinashika hata jini."

Fundi mkuu, mwenye gereji, aliingia stoo akatoka na pedi nyingine za kawaida, rangi ya kahawia. Akaziweka pembeni ya zile nyeusi. "Mimi ningefunga hizi," alisema. "Lakini gari ni lako, Hajji." Kisha akanigeukia. "Kijana, wewe ndiye utakayefunga. Unaonaje?"

Nilikuwa nimeshazipitishia ukucha. Zile za kahawia zilipokea ukucha kidogo, zikaacha vumbi kwenye kidole. Zile nyeusi zilikuwa kama kigae. Nilijiuliza kitu kigumu namna ile kitashikaje diski ya tairi asubuhi, gari likiwa limelala na baridi. Nilikuwa na neno la kusema. Lakini Hajji alikuwa ananitazama usoni kama anatazama jiwe, nami nikajibu, "Zote nzuri."

"Zote nzuri!" alicheka mpiga rangi, mwenzangu wa gereji ile ambaye hakupitwa na kitu. "Huyu ukimuuliza kati ya asali na shubiri atakwambia zote nzuri."

Basi zikachaguliwa zile nyeusi.

Jioni ile kaka yangu alipita gereji kunisalimia. Alikuwa anachimba dhahabu Nyarugusu, akaja mjini kununua sururu na kamba, akawahi lori la kurudi. Nalitaja hili kwa sababu lilikuja kunitesa.

Ijumaa nikafunga pedi. Fundi alikuwa amenifundisha kwamba pedi mpya usiifunge na kingo zake kali, maana italia barabarani kama bata. Unaibana kwenye jiliwa, unapitisha tupa kwenye kingo mpaka zilale kidogo. Nikafanya hivyo kwa zote nne. Kwenye moja, pembeni kabisa, niliona pengo dogo kama kovu. Nikadhani imegongwa safarini. Nikaongeza tupa hapo mpaka kovu likaisha, na nikajisifu moyoni kwamba nimefanya kazi safi.

Jumamosi asubuhi Hajji alichukua gari. Hata robo saa haikupita, akarudi. Alishuka bila kufunga mlango.

"Toa matairi ya mbele," aliniambia. "Yote mawili."

"Kuna nini, Hajji?" aliuliza Fundi.

"Nimekanyaga breki sokoni, gari linaendelea kama sikumwambia mtu kitu. Nusura nimgonge ng'ombe. Nusura niingie kwenye meza ya mama wa nyanya. Toa matairi."

Nikapiga jeki, nikatoa matairi, nikachomoa pedi zote nne. Alizishika moja moja, kila moja akaigeuza mara tatu. Akapitisha kidole gumba pembeni. Akapitisha tena. Kisha akasema taratibu, "Hizi si zangu."

Hapo ndipo aliposema kwamba kila anachokiacha mahali huwa anakitia alama. Kikombe chake, tairi la akiba, hata kiberiti. Pedi moja aliichonga kwa kisu pembeni kabla ya kulifunga boksi upya kwa gundi. Na sasa alama haipo; weusi peke yake haukumtosha, maana gereji yenye mpiga rangi haikosi rangi nyeusi.

Nilijua mara ile nini kimetokea. Nikasema, lakini kwa sauti ya mtu anayezama, "Hajji, nilidhani ni kovu. Nimelifuta kwa tupa."

"Umelifuta."

"Lilikuwa pembeni, upande wa ndani. Dogo hivi."

"Unajua mpaka lilipokuwa," alisema, akamgeukia Fundi. "Umesikia? Mwizi naye huiona alama. Huiona kuliko mwenye mali."

Ningesema sikuiona alama, ningekuwa mwongo. Nimesema niliiona, nimekuwa mwizi.

"Na Alhamisi kulikuwa na kijana hapa wa Nyarugusu," aliendelea Hajji. "Nilimwona nikipita, na sururu yake, anaulizia lori la kurudi. Kule magari yanashuka vilima yamejaa mawe. Pedi ngumu kule ni dhahabu yenyewe. Ndugu yako yule, au siyo?"

"Ni kaka yangu."

"Mwenyewe kasema."

Nilimtazama Fundi. Huyu ndiye aliyenipokea kwa ahadi ya mjomba wangu; mjomba alikaa kwenye benchi la gereji ile akamwambia, kijana huyu mikono yake mifupi, haifiki kwenye cha mtu. Nikifukuzwa kwa wizi, mjomba ndiye atakayeulizwa kwanza, na hakuna gereji mjini itakayonifungulia lango. Fundi hakunitetea. Alikwangua ukutani kwa ukucha, kisha akasema, "Bwana mdogo, pindua mfuko wako."

Ulikuwa mfuko wa kitambaa alioshona mama. Niliupindua juu ya benchi. Vikatoka viazi viwili vilivyochemshwa, fulana, na daftari nililokuwa naandikia majina ya vipuri ili nisiyasahau. Mpiga rangi alisogea, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Hajji alilifungua daftari, akalikung'uta kama pedi zingeweza kukaa kati ya karatasi.

Sijui ni hasira au ni aibu iliyonifungua mdomo. Nikasema, "Hajji, aliyekuuzia alisema zinapenda moto?"

"Alisema."

"Kutoka hapa mpaka sokoni, breki umekanyaga mara ngapi?"

Aliligeuza daftari mkononi.

"Hazijapata moto," nilisema. "Kama nimezibadilisha, nimeweka za kawaida, maana hapa hakuna nyingine. Za kawaida zikipata moto sana zinateleza na kunuka. Zako zikipata moto zitashika. Twende tuzipashe. Zikiteleza, nipeleke polisi."

Nilirudisha pedi na matairi. Hajji akanionyesha kiti cha pili. "Utakaa na mimi," alisema. "Tukimgonga mtu, tunamgonga wote wawili."

Tulipita sokoni mwendo wa mguu. Mama wa nyanya alituona akapaza sauti, "Hajji! Umerudi kumalizia? Nyanya nauza nzima, za kusaga sina!" Hajji hakumjibu. Tulitoka mjini mpaka kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Akakimbiza gari, akakanyaga. Gari likaendelea kwa kiburi. Akakimbiza tena, akakanyaga. Nilihesabu kimoyomoyo. Mara ya tatu, ya nne, hakuna kitu, na Hajji ananitupia jicho la pembeni. Mara ya tano nilisikia harufu, nikaogopa, kwa sababu na mimi kufikia hapo nilianza kujishuku. Labda boksi lile halikuwa na kitu cha maana tangu Maganzo. Labda nitafungwa kwa sababu ya uongo wa mtu nisiyemjua.

Mara ya saba gari liliinamisha pua. Mara ya nane kofia ya Hajji ilimtoka kichwani ikaangukia kwenye kioo, na mimi nikajishika kwenye mlango kwa mikono miwili. Tukasimama, vumbi letu likatupita.

Hajji aliokota kofia, akaikung'uta, akaigeuza, akaivaa. "Ni zangu," alisema.

Aliligeuza gari, na tulipokaribia mjini akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Sasa nifunge zipi?"

Safari hii sikusema zote nzuri. "Za kahawia," nilisema. "Kwenye mapipa unamaliza kabla nyeusi hazijapata moto. Na sokoni ng'ombe hatakungoja uzipashe."

Zilifungwa za kahawia kabla ya adhuhuri. Mchana ule, watu waliokuwepo walisema, Hajji alisimama katikati ya mraba wa chokaa, ingawa aligusa pipa moja na hakushinda. Zile nyeusi alizirudisha kwenye boksi lake.

Fundi aliniambia jioni, akiwa ananawa mikono, "Ilibidi niulize. Unaelewa." Nikasema naelewa. Nilielewa kweli kwamba na yeye alinishuku, na ndiyo maana sikusahau.

Hajji aliendelea kutuletea gari. Nikifungua breki zake nilikuwa natafuta alama kwanza, kabla ya kushika tupa. Nilikuwa naiona, mkato mdogo wa kisu, na naiacha. Baadaye nilifikiri kwamba ile ninayoiona ndiyo aliyotaka niione, na kwamba iko nyingine mahali nisipopajua. Sikuwahi kumuuliza.

Mfuko wa mama niliuacha nyumbani. Miaka yote niliyobaki kwenye gereji ile nilikwenda kazini na viazi vyangu mkononi, wazi, kila mtu avione.