Dada wa Tumbo Moja

Nakumbuka siku moja, Jumapili, katika sebule yetu ya Barking, hapa London, tulipokuwa watu watano. Karim aliketi karibu na dirisha, tai imemkaba. Kando yake alikuwa mama yake, Bi Shirin, Mhindi mzaliwa wa Kisumu na mkazi wa Harrow, aliyekuja kumposea. Kwenye kiti kikubwa alikaa Bi Rukia, mzee wa Kilamu aliyetoka Woolwich kusimama upande wetu kama shangazi. Mdogo wangu Salma aliinamisha macho kama mposwa yeyote. Nami nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

Mwanangu, mimi na Salma ni mama mmoja, baba mmoja. Ila babu mzaa mama alikuwa Mwarabu, na damu yake ilinipita mimi ikaibukia kwa Salma. Yeye mweupe, nywele za singa. Mimi mweusi kama baba. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikawa nauza mahamri asubuhi na kufua nguo za watu mchana ili yeye asome. Nikatangulia London kutunza wazee, kisha nikamvuta.

Kumbe kazini kwake, alikojuana na Karim, Salma alijiita Mwarabu, basi. Wiki ile alinishika mkono akaniambia kwamba Bi Shirin ana maneno juu ya watu weusi, na kwamba atanitambulisha ndoa ikishakaa. Akaniomba nisiketi na wageni. Bi Rukia aliitwa kwa sababu ni mweupe, ingawa mwenyewe hakuambiwa hilo. Nilikubali. Nilijiambia ni subira.

Nilipoweka sinia mezani, Bi Shirin akauliza mimi ni nani. Salma akajibu, "Huyu ni dada."

Neno lenyewe unalijua. Dada ni aliyekutangulia kuzaliwa, na dada pia ni yule msichana anayepika na kufagia nyumba za watu. Salma alilichagua kwa sababu hiyo: halikuwa uongo, wala halikuwa kweli. Lakini mwanamke aliyekulia Kisumu hapitwi na neno hilo. Akanitazama, akamtazama Salma, akatabasamu kidogo.

"Dada yupi, binti? Wa kazi au wa tumbo moja?"

Midomo ya Salma ilikuwa imekauka. Nikafungua kinywa, "wa kazi" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wangu, nayo ingemwozesha.

"Usimjibie," Bi Rukia akasema, bila kupandisha sauti. "Umemlisha, umemsomesha, vizuri. Hili aseme mwenyewe. Mimi mama yangu alinijibia hivyo hivyo mbele ya wakwe, akajiita mtumishi, nikamwacha aseme. Mume nilimpata, mama sikumpata tena."

Salma alilia kwanza. Kisha akasema, "Wa tumbo moja. Ndiye aliyenilea."

Bi Shirin akaweka kikombe chini, akasema amedanganywa. Mpaka leo sijui aliondoka kwa ajili ya uongo ule au kwa ajili ya rangi yangu. Nadhani naye alishukuru kupata sababu yenye heshima. Karim alibaki kidogo, akatuaga vizuri, akamfuata mama yake. Hakurudi.

Salma akamgeukia Bi Rukia. "Nani alikuomba maneno? Shangazi wa kuazima, umekuja kunivunjia nyumba!" Mzee wa watu akajitanda mtandio wake, akashuka ngazi peke yake kwenda kutafuta basi. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Salma, sikumsindikiza.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Baadaye sana Salma aliniambia jinsi alivyokuwa amechoka: kuogopa jua, kuficha picha za utotoni, kuogopa simu yangu ikilia mbele za watu.

Basi mwanangu uliyezaliwa hapa, unayeulizwa kila mara unatoka wapi hasa: asiyekuhusu mjibu upendavyo. Lakini usikubali kukaribishwa mahali ambapo aliyekulea atabaki mlangoni. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiketi kiti cha mbele. Na wewe mwingine uliyeachiwa wadogo zako kama mimi, kumbuka kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wabebee njaa, wabebee ada ya shule. Uongo wao usiwabebee. Mungu akujalie watu ambao hutawaonea haya, nao wasikuonee haya wewe.

Mimi nilikwenda Woolwich nikamwomba Bi Rukia radhi. Alinipakulia wali, tukala. Nilipoaga akaniuliza, "Na Salma, hajambo?" Nikatamani kumwambia kwamba Salma naye anaomba radhi; yamkini moyoni anaomba. Nikajibu kwamba hajambo. Lililobaki ni deni la Salma mwenyewe, na Bi Rukia anazidi kuzeeka.