Sifuri ya Shangazi

Niliporudi Shelui na kuanza kufanyia kazi nyumbani, watu waliniuliza ninafanya nini, nikawajibu ukweli kwamba naandika kodi, nikimaanisha zile za kompyuta. Sikufikiri vizuri. Msimu mzima, wenye maduka kando ya barabara kuu waliniamkia kwa adabu nisiyostahili, na muuza chipsi mmoja alikuwa anafunga banda kila akiniona natokeza. Shangazi yangu ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia mimi si mtu wa mapato, ni fundi wa vile visanduku vya intaneti, na kwamba kwa sura hii serikali isingeniajiri.

Kuhusu kazi hakukosea. Mimi na wenzangu wachache walioko Dar tunatunza mfumo endeshi wa kisanduku cha mtandao, yaani ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote, inayoamua kila taarifa iende wapi. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Ikikosea, kila mtu anakumbuka jina la aliyemuuzia.

Shangazi alikuwa nacho kimoja. Ana kinu cha kukamua alizeti, na pale mlangoni pana mzani mkubwa alioununua kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa. Mzani ule ni mzee na hausikii la mtu. Kila gunia likipimwa, unakikabidhi kisanduku changu uzito, pamoja na anwani ya kompyuta ya ofisini ambako uzito huo upelekwe. Sasa anwani za mtandao ni namba tu, na mzani ule una tabia ya kujazia sifuri mbele ya namba fupi ili zote zilingane urefu. Penye kumi unaandika 010. Hiyo tabia imechomwa ndani ya chuma chake, na waliouunda hawapo tena duniani kama kampuni.

Hiyo sifuri ndiyo iliyotuletea balaa. Wazee wa kompyuta walikuwa na desturi kwamba namba ikianza na sifuri ihesabiwe kwa makundi ya nane, kwa hiyo 010 kwao si kumi, ni nane. Kwa nini, waulizwe wao. Katika mfumo wetu sehemu moja ilifuata desturi hiyo na nyingine haikuifuata. Sehemu ya ulinzi, inayokagua taarifa kama mlinzi wa geti, ilisoma nane. Sehemu ya kupeleka ilisoma kumi. Ukiwa mjanja unamwambia mlinzi unakwenda nyumba ya nane, anakuruhusu, kisha unaingia nyumba ya kumi ulikokatazwa.

Niliuona mwanya huo mimi mwenyewe, nikamwambia mwenzangu wa Dar. Yeye ni mtu wa kanuni. Hata ujumbe wa kumtakia mtu pole anauwekea nukta na mkato. Aliandika marekebisho safi kabisa: anwani yoyote yenye sifuri mbele ikataliwe, basi. Tuliyasoma, tukayapenda, tukayasambaza kwenye visanduku vyote.

Kesho yake asubuhi shangazi alikuja kwangu akiwa na khanga kiunoni, jambo ambalo kwa ukoo wetu si dalili njema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mzani wangu umekufa."

Nilimwuliza umekufaje. Akasema unawaka, unapima, lakini ofisini hakifiki kitu, na maroli ya alizeti yamejipanga mpaka barabarani. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa umeme. Kwa shangazi kila tatizo ni umeme, hata lile goti lake. Alikuwa ameshagombana na fundi umeme kabla ya kuja kwangu, na fundi naye alikuwa ameondoka kwa hasira na bisibisi ya kinu.

Tulikwenda naye. Nilipofungua kumbukumbu za kisanduku sikuhitaji kutafuta: mstari baada ya mstari, anwani imekataliwa, anwani imekataliwa. Madereva walikuwa wamekaa kwenye magunia wakinitazama kama daktari aliyechelewa wodini. Nikampigia mwenzangu, nikaweka simu wazi ili shangazi asikie mwenyewe.

"Lakini mzani ndio unaokosea," mwenzangu akasema. "Sisi tumerekebisha. Warekebishe mzani."

"Waliouunda wameshafunga."

"Basi wanunue mwingine."

Hapo shangazi akaichukua simu mkononi mwangu. "Hujambo baba," akasema kwa sauti ya upole iliyonitisha. "Jana mzani wangu ulikuwa unafanya kazi?"

"Ndiyo mama, lakini kwa bahati tu. Ulikuwa unategemea kosa letu."

"Kosa lenu nililifurahia. Nirudishie."

Kisha akahamia Kinyiramba, lugha anayoitumia kwa mambo yasiyofaa kutafsiriwa, akanirudishia simu. Mwenzangu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anakusalimia.

Kurudisha kosa kama lilivyokuwa kusingewezekana, maana mwanya ungerudi nalo, na visanduku vyetu viko hata kwenye zahanati. Nilirudisha toleo la zamani kwenye kisanduku cha shangazi peke yake ili maroli yaondoke, kisha nikakaa kwenye gunia na kompyuta mapajani. Nilikuwa na aibu kidogo. Tulikuwa tumehangaika wiki nzima na sifuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani anaitumia.

Nilipotulia niliona kwamba sifuri yenyewe haikuwa na hatia. Hatari ilikuwa kwamba sehemu mbili zilisoma namba moja kwa namna mbili. Zikikubaliana, mwanya unaziba, na hapakuwa na sababu ya kumfukuza mtu. Basi nikaandika msomaji mmoja anayetumiwa na mlinzi na mpelekaji sawia, na kwake 010 ni kumi, kama mzani ulivyoamini miaka yote. Ikija anwani ya namna hiyo, mfumo unanong'ona onyo kwenye kumbukumbu, halafu unaipitisha. Nikaongeza na jaribio linalohakikisha kwamba akija mtu kuikataza tena sifuri, programu itagoma kujengwa.

Mwenzangu alisoma kazi yangu. Mwishoni akaandika: "Inachukiza, lakini ni sahihi." Kwa mtu wa kanuni hayo ni mapenzi.

Nilidhani yameisha. Siku chache baada ya kusambaza toleo hilo akanipigia bwana mmoja wa Manyoni, mfugaji wa kuku wa kisasa mwenye kisanduku chetu. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilikuwa imeacha kumtumia taarifa za joto kwenye simu. Nilimwomba anisomee kanuni alizomwandikia mlinzi. Kumbe zamani alitaka kuizuia kompyuta ya watoto wake, namba kumi, isimalize intaneti kwa michezo. Aliandika 010, haikuzuia kitu. Akajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka 012 ikafanya kazi, akamshukuru Mungu, akaacha hivyo. Kwa hesabu ya nane, 012 ni kumi. Kwa msomaji wangu mpya ni kumi na mbili, na kumi na mbili ilikuwa mashine ya vifaranga.

"Kwa hiyo sasa hivi nani kazuiwa?" akauliza.

"Vifaranga."

"Na watoto?"

"Wako huru."

"Nilishangaa wametulia hivi."

Ningeweza kumwambia afute hiyo 012 aandike 10. Lakini wangapi wengine walikuwa wameipata namba yao kwa kubahatisha, na hawana simu yangu? Tukaandika toleo jingine. Kisanduku kikilipokea, kinazipitia kanuni za mlinzi zilizoandikwa enzi za toleo la zamani na kuzitafsiri chenyewe, kila moja ibaki na maana iliyokuwa nayo wakati huo. Safari hii ni mwenzangu wa Dar aliyeliandika, na hakulalamika.

Bwana wa Manyoni alipiga tena kuniambia kwamba joto linafika na watoto wamenuna. Ila alikuwa na neno moja. Kuna mtu ameingia kwenye kanuni zake akaifuta ile 012 aliyoihangaikia, akaweka 10. Nilimweleza kwamba ni kisanduku chenyewe, na kwamba maana ni ile ile.

"Sawa," akasema. "Lakini siku nyingine kipige hodi."