Wauaji Wanamfungulia Moyo, Binti Yake Amenyamaza

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kituo cha polisi, askari sita wapya wanasikiliza sauti ya mwanamume kwenye kinasa sauti. Anasimulia alivyoingia kwa jirani yake, mama mmoja fundi cherehani, akamkuta amekufa tangu jana yake.

"Nikamfunika shuka asipate baridi," inasema sauti, "nikatoka mbio kuita watu."

Mwanamke aliyekaa mbele yao, viatu kavisukuma chini ya meza, anazima mashine.

"Mmesikia nini?"

Wanaangaliana. "Kaongea vizuri tu, mama," anajitosa mmoja. "Ana huruma."

"Huruma anayo, sikatai. Sasa niambieni, mtu aliyekufa tangu jana anapata baridi gani?"

Mmoja anaanza kuandika haraka haraka.

Mwanamke huyu ana miaka hamsini na minane, na ni mwanasaikolojia. Kwa miaka kumi na tisa amewasaidia polisi katika kesi arobaini na tatu za mauaji. Kituoni wanamwita Sikio.

"Huyu mama ni wa kuogopa," anasema Inspekta, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo. "Ukimsalimia vibaya tu, keshajua umegombana na mkeo. Mimi siku hizi nampungia mkono tu."

Kesi ya fundi cherehani ndiyo anayopenda kufundishia, kwa sababu Inspekta alikuwa amemruhusu jirani huyo kwenda nyumbani mara mbili. Sikio aliomba aitwe tena. Aliketi naye, akamuuliza habari za watoto, kisha akauliza polepole, "Alikuwa anatetemeka?"

"Sana, mama," alijibu yule mwanamume. Kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Siku hiyo hiyo aliwaonyesha polisi pasi aliyomuulia yule fundi, aliyokuwa ameificha juu ya dari. Mahakama ilimkuta na hatia.

"Neno peke yake halimfungi mtu," Sikio anawaonya wanafunzi wake. "Watu wengi wanawahurumia wafu kama wazima. Neno linakuonyesha pa kuuliza, basi."

Somo likiisha, askari wanatoka wakitaniana. Yeye anabaki anakunja waya wa kinasa. Mwandishi wa makala haya anapomuuliza kama ana watoto, waya unamponyoka.

"Ninaye mmoja. Binti. Na nimemkumbuka mpaka mwili unauma."

Alimlea peke yake. Miaka miwili iliyopita, binti huyo, wakati huo akisoma chuoni, alikuwa akitafuta kalamu kwenye meza ya mama yake akakuta daftari. Ndani yake mama alikuwa ameandika maneno ya binti huyo na kuyapigia mistari. *Kasema "niko sawa" mara tatu leo. Hataji tena masomo. Ameacha chuo?*

"Na kweli alikuwa ameacha," anasema Sikio. "Nilipatia. Ila mwanangu alikuwa anajikusanya aje aniambie kwa kinywa chake, mimi nikamwahi. Nikampora hilo."

Binti alisimama mlangoni na daftari mkononi. "Mama, mimi ni mwanao au ni faili?" Kesho yake alifungasha akaenda mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Sasa anafanya kazi katika duka la dawa na amepanga chumba.

Tangu hapo anatuma ujumbe mfupi mfupi. *Nimefika. Nimepona. Pole na kazi.* Mara moja tu alituma wa sauti, wa sekunde kumi na moja, akiuliza namna ya kutoa doa la mafuta kwenye gauni. Sikio anausikiliza kila siku kabla ya kuoga.

"Sijawahi kuuchambua," anasema, akiinua mkono kama anayeapa. "Nasikia sauti ya mwanangu tu. Kuna mahali anakohoa kidogo. Napapenda hapo."

Anakiri kwamba wivu humshika pale wazazi wa waliouawa wanapomweleza habari za watoto wao, kisha huona aibu, kwa kuwa wa kwake yuko hai. "Mtu aliyemuua mwenzake ananimwagia moyo wake wote kwa saa nne. Niliyemzaa ananiambia pole na kazi. Nani nimlaumu?"

Wiki iliyopita alijikaza akampigia simu. Hakuuliza hali, kwa kuogopa jibu. Alisema anataka kwenda Jumamosi.

Binti akasema, "Njoo, mama. Lakini hatuongei. Nataka kupaka rangi chumba."

Sikio amekwisha omba ruhusa. Amenunua brashi mbili na gauni la mtumba la kuchafulia, na kumwambia Inspekta asimpigie simu hata wakiuana mtaa mzima.

"Na akianza kusema?" anaulizwa.

"Nitaendelea kupaka."

"Asiposema?"

Anavaa viatu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Nitaomba tupake mara mbili," anasema. "Rangi ya kwanza lazima isubiriwe ikauke."