Goti la Mama

Dada yangu ni mkuu wa chuo kinachofundisha kutengeneza viungo vya bandia na kuelimisha watu juu ya afya. Mimi niliishia darasa la nne, na bado ghorofa ya kwanza kijijini kwetu, huku upande wa Rubya, ni yangu, na malori ya ndizi mnayoyaona yakishuka Bukoba, mengi ni yangu. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Kisukari kilipomla mama mguu, ukakatwa juu ya goti, mimi nilitaka kununua kiti cha magurudumu kinachoshinda vyote. Dada akakataa. Akatengeneza mguu kwa mikono yake mwenyewe, akauleta. Goti alikuwa amelikaza lisikunjike, mama asije akaanguka.

Mama alitembea nao hadi migombani akarudi. Kisha akauvua, akausukuma chini ya kitanda.

"Unauma?" dada akamuuliza.

"Hauumi. Hauna adabu."

Nilicheka. Dada hakucheka.

"Mama, mguu ni wa kutembea."

"Baba yenu hospitali wamemrudisha afie kwake. Tangu anioe sijamsalimia nimesimama, wanangu waitu. Leo niingie chumbani kwake wima kama askari?"

"Mkuu wa chuo mzima," nikamtania dada, "hujui mama yako anasalimiaje!"

Siku hizi, kila darasa jipya dada analianza kwa kuwauliza wanafunzi: mgonjwa wako kwao husalimiaje? Swali hilo kalitoa kwangu, asibishe mtu.

Kesho yake kulipokucha, dada aliondoka na ule mguu.

Aliporudi, baba alikuwa anatoa neno mojamoja tu. Goti jipya lilikunjika lote. Mama alishika ukingo wa kitanda, akashuka taratibu, dada nyuma yake kakunjua mikono lakini hamgusi. Nimeshuhudia mengi, ila hilo sikuwahi. Mama akafika chini. Akainamisha kichwa, akasalimia.

Baba akageuza uso kumtazama.

"Inuka," akasema. "Utaumia."

"Niache kidogo."

Wiki ile ile tulimzika baba kibanjani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mama alipiga magoti tena, safari hii kwenye udongo mbichi, akakaa hapo hadi watu wakaanza kuondoka.

Jioni dada alichukua kitambaa chenye maji, akainama kulifuta lile goti.

Mama akamshika mkono.

"Huo udongo uache."